Jasho la Kapiteni Orage

Mume wangu Edouard alikuwa mwanaume mzima, mwenye mke, mtoto na cherehani yake mwenyewe, na kila Jumapili baada ya misa alikaa barazani kwetu, mtaa wa Kenya mjini Élisabethville, akigombana na wanaume wenzake juu ya mtu aliyevaa chupi nje ya suruali. Mimi nilikaa pembeni nikimenya karanga. Nilikuwa nimezaa mtoto mmoja tu, Paulin, lakini Jumapili nilijiona mama wa watoto wanne.

Mtu huyo wa chupi aliitwa Kapiteni Orage. Alikuwa mtu wa michoro, wa gazeti la watoto wa Wazungu lililotoka Ubelgiji kila wiki, na habari yake haikuisha. Kila gazeti lilimwacha hatarini ili ulitafute linalofuata. Siku za kawaida alikuwa karani mwembamba mwenye kikohozi. Tone moja la maji likimgusa ngozi, basi, anavimba kifua, joho jekundu linatokea mgongoni, anainua gari moshi kwa mkono mmoja, na risasi zinamdunda kama punje za mahindi. Maji yakimkaukia anarudi kuwa karani, anakohoa.

"Ule muntu hawezi kuishi huku Katanga," Anaclet alikuwa akisema. Anaclet alifanya kazi kwenye matanuru ya shaba, mikono yake imejaa makovu ya moto, na alipenda kumpinga Edouard kuliko alivyopenda bia. "Mvula ikikatika mu mwezi wa ine, atafanya nini? Atakohoa tu, paka kukohoa, mupaka mwezi wa kumi."

"Kuko bomba," Edouard alijibu. "Atafungula bomba."

"Bomba ya hapa Kenya? Atapanga mulongo na bamama? Atasimama na ndoo nyuma ya Mama Paulin?"

Wakacheka wote. Na mimi nilicheka, ingawa sikutaka kuwapa sifa hiyo.

Wa tatu wao alikuwa Zéphirin, mtu aliyetoka Kasai, karani wa ghala moja mjini, shati jeupe na kalamu mfukoni hata siku ya mapumziko. Yeye peke yake ndiye aliyejua Kifaransa cha kutosha. Alisoma maneno yaliyotoka midomoni mwa watu wa michoro, akayageuza Kiswahili, na kila sauti akaipa koo lake: ya Orage nzito, ya adui yake Profesa Braise nyembamba kama ya mbu. Edouard Kifaransa hakukijua. Yeye aliangalia picha, tena kwa jicho la fundi wa nguo. Siku moja aliinamia ukurasa mmoja muda mrefu, nikadhani ameguswa, kumbe alikuwa anatafuta mshono. "Hii joho haina mahali banaishonea," akasema. "Akiruka na upepo itamukaba shingo. Muchoraji wa zamani alikuwa naweka vifungo. Huyu mupya hajue nguo."

Msidhani tulikuwa tunanunua gazeti. Gazeti jipya lilikuwa la watoto wa mjini kwa Wazungu, na kwao lilikaa mpaka lichoshe. Yaliyochoka yalikwenda kwa Mgiriki mwenye duka karibu na soko, naye akatuuzia sisi mama wa karanga kwa kilo, pamoja na magazeti ya siasa, ya mitindo na ya kanisa. Jumamosi nilileta mzigo nyumbani. Jumatatu asubuhi nilichukua mkasi na kukata kila ukurasa vipande vinne, nikaviringisha vifuko, nikatia karanga. Katikati palikuwa na Jumapili, na hiyo ndiyo ilikuwa yao. Edouard mwenyewe ndiye aliyepanga hivyo. Bila karanga hakuna chumvi, alisema, na mtu aliyesoma vizuri hana haja ya kuweka karatasi.

Kwa hiyo walimfuata Orage namna ambayo hakuna mtoto wa Mzungu aliyemfuata. Kurasa zilikuja zimevurugika. Wiki hii Orage anaoa, wiki ijayo hajamjua bado yule mwanamke. Leo daraja limevunjika, mwezi ujao linajengwa. Waligombania kipi kilitangulia kama watu wanaogombania mpaka wa shamba. Nusu ya raha yao ilikuwa hapo, naamini.

Jumapili ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa mwisho wa kiangazi, vumbi jekundu limeshika mpaka kwenye nyusi. Mzigo wa Mgiriki ulikuwa na kurasa safi kuliko kawaida, za karibuni. Zéphirin alizipekua akatangaza kwamba kuna hadithi mpya imeanza, ya Mademoiselle Brume, mwanamke anayeweza kujigeuza ukungu na kupita chini ya mlango.

"Hiyo si nguvu," Anaclet akasema. "Muke yangu iko anafanya vile siku ya kufua."

"Anaweza kumusaidia Orage," Edouard akasema.

"Hapana. Ile ni ya muchoraji mwingine. Kila muntu na hadisi yake, habakutanake," Zéphirin alisema kwa ile sauti ya ofisini. Kisha akafungua ukurasa wa Orage.

Profesa Braise alikuwa amemfungia Orage ndani ya tanuru. Tanuru kavu, kuta za chuma, moto pande zote. Alikuwa amerudi kuwa karani, amelala chini, kikohozi hakitoki tena, na maneno yaliyochorwa juu ya kichwa chake, Zéphirin alisema, ni kwamba hata mate yamemkauka kinywani. Pale chini pameandikwa kwamba habari itaendelea. Tulipindua mzigo wote, na mimi nikiwemo. Ukurasa uliofuata haukuwemo.

"Alishakufa," Anaclet akasema.

"Hayakufa," Edouard akasema. "Kuko jasho."

"Jasho gani?"

"Yake. Muntu mu moto anatoka jasho. Jasho iko mayi. Tone moya tu, inatosha. Weye mwenyewe ulisikia: tone moya."

Anaclet alimwangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgeni wa mji. "Edouard, ndugu yangu. Miye niko naingia pale kila siku. Jasho inakauka mbele ya kutoka. Unaona paka chumvi tu ku ngozi."

"Orage si weye."

"Moto iko ileile."

Walibishana hivyo mpaka bukari, ugali wetu, ikapoa. Edouard hakukubali. Nilivyomjua, alikuwa na hitaji la jasho lile. Alikuwa mtu wa kushona kutoka asubuhi mpaka macho yamuume, na aliamini mtu huokoka kwa kinachotoka mwilini mwake mwenyewe.

Sasa niseme habari ya Ukingi, maana humo ndimo tulimoumia. Katika Élisabethville ya miaka ile watu watano hawakuweza kukutana mara mbili bila kuwa na Kingi, mfalme wao. Wacheza ngoma walikuwa na Kingi, wa mpira walikuwa naye, wa kuzikana walikuwa naye, na chini yake Gavana, Dokta, na vyeo vingine mpaka mpishi. Na desturi ilikuwa moja: mwenye baraza ndiye Kingi. Si kwa akili wala kwa umri. Ni kwa sababu viti ni vyake. Basi Edouard akawa Kingi wa watu wa Orage, Zéphirin akawa Gavana, na Anaclet wakampa Udokta kwa kuwa kila wiki alitangaza kwamba mgonjwa amekufa. Walikuja na wengine wachache, majirani, wakapewa vyeo vidogo. Edouard alichukua vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye sare za watu, akawashonea kila mmoja alama ya kifuani: wingu la buluu na radi nyekundu katikati. Alishona vizuri mno. Walizivaa kutoka kanisani mpaka nyumbani, wamejipanga, wanajicheka wenyewe, na watoto nyuma yao wakipiga kelele kwamba Kapiteni hafi, risasi haimuingie, atarudi mvua ikinyesha.

Nilisema siku ile kwamba wanapendeza. Walipendeza kweli.

Walimchukua Edouard Alhamisi mchana, akiwa kwenye cherehani, suruali ya mtu imefika nusu. Askari walikuwa wapole. Walichukua alama zilizobaki kwenye kikapu na karatasi ya kahawia ambamo Edouard alichora joho la Orage akijaribu kuona lingekatwaje. Jirani alinieleza baadaye kile walichokuwa wakikitafuta. Ile ilikuwa miaka ya kuogopa Kitawala, dini iliyokatazwa, na serikali iliiona kila mahali, hata kwenye vikundi vya watu wanaosali rozari. Na hapa palikuwa na watu wanaokutana, wana Kingi, wana alama, wanasoma karatasi kwa sauti, na wanamngoja mtu wa angani ambaye risasi haimuingii. Nani alikwenda kusema, sijui. Mtaa mzima ulisikia. Hawakuwa watu wa kunong'ona.

Zéphirin na Anaclet waliitwa pia. Zéphirin alijieleza kwa Kifaransa, mkubwa wake wa ghalani akaandika neno, akaachiwa kwa kuambiwa asionekane tena barazani kwetu. Anaclet alidaiwa na matanuru. Mkubwa wake alisema mtu yule anahitajika zamu ya jioni, wakamrudisha zamu ya jioni. Edouard alikuwa fundi wa kujitegemea. Mpaka wiki ile hilo lilikuwa fahari yetu. Hakuwa na Mzungu wa kumwambia amka wala lala. Sasa wakauliza, "Huyu ni wa nani?" na hapakuwa na mtu wa kusema ni wangu, isipokuwa mimi.

Nilikwenda kwa padri. Padri alisema ataomba. Nilikwenda kwa chifu wa mtaa, akasema mambo hayo yako juu ya kichwa chake, na alisema kweli. Nilikwenda gerezani na bukari, wakaichukua bukari, mimi wakaniacha nje. Jioni Anaclet alikuja, amekunja kofia mikononi.

"Mama Paulin, banapashwa kuona gazeti," akasema. "Bakiona gazeti, batajua iko bintu bya batoto. Batacheka tu."

Lilikuwa neno la maana. Lakini gazeti liko wapi? Jumatatu nilikuwa nimekata kila kitu, na Kenya nzima ilikuwa imekula karanga.

Mwansa, rafiki yangu aliyeuza samaki wakavu pembeni yangu, aliacha meza yake tukazunguka soko pamoja. Tulipekua takataka nyuma ya vibanda. Tuliuliza kwa wauza maandazi, wauza chumvi, wauza tumbaku. Watu walidhani nimepoteza pesa, wakainama kunisaidia, na nilipowaambia natafuta picha ya mtu mwenye joho jekundu walininyamazia kwa adabu, kama wanavyomnyamazia mwenye msiba. Karatasi ya karanga hutupwa, huwashiwa moto, hufutia mikono ya mtoto. Mwishowe Mwansa alikumbuka mzigo wake mwenyewe. Chini kabisa ya kikapu cha samaki wa Pweto alikuwa ametandika kurasa nilizompa mwezi uliopita, na mmoja ulikuwa wa Orage, mzima, umelowa mafuta ya samaki hata mwanga unapita. Orage alikuwa ameinua kibanda cha kuuzia maua, chini yake mbwa mdogo anatoka. Juu kulikuwa na jina la gazeti na bei yake. Kwenye kona, mchezo wa kutafuta njia ya sungura. Nilifurahi mpaka nikalia. Nani angemfunga mtu kwa ajili ya sungura?

Bwana wa ofisi ya serikali iliyoshika mambo ya wafungwa aliniita baada ya kunikalisha benchi tangu asubuhi. Alikuwa Mzungu wa makamo, nywele zimeanza kumtoka, mezani ana picha ya mke na mtoto. Alisema Kiswahili cha kwao, kile cha amri, ambacho hakina shikamoo wala pole. Nilitandaza ukurasa wangu mbele yake, harufu ya samaki ikajaa chumba.

Aliinama. Kisha uso wake ukalegea.

"Orage," akasema.

Aligeuza ukurasa, akaangalia nyuma, akaugeuza tena.

"Mutoto yangu anasoma hii kila wiki. Wakati Orage alifungwa ndani ya moto, mutoto hakukula. Bibi yangu alikasirika." Alikuwa anatabasamu, si kwangu, kwa ule ukurasa. "Lakini anatoka. Gazeti ilifika na ndege. Mutoto alinionyesha."

Moyo wangu uliruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

"Basi Bwana anajua," nikasema. "Bwana anajua haiko dini. Iko mucezo. Mume yangu hajue hata kusoma Kifaransa, iko anaangalia paka nguo tu."

"Ninajua."

"Basi atarudi nyumba?"

Akaniangalia, na nikaona kwamba hakuwa mtu mbaya, na hilo halikunisaidia kitu.

"Hapana. Papye, ile karatasi, ilikwenda juu. Walisaini. Mimi natuma bantu kambi, hapana mimi nakamata, hapana mimi nafungula."

"Bwana anaweza kuwaandikia. Anaweza kusema mutoto yake anasoma."

"Niandike kwamba mutoto yangu anasoma gazeti moja na watu wa Kingi?" Alisema polepole, kama anayejaribu kunifundisha hesabu. "Na weye fikiri. Leo ni mucezo. Bantu wakizoea kuketi pamoja, kuwa na Kingi, kuwa na alama, kesho si mucezo. Huko juu hawaangalii picha."

Akakunja ukurasa wangu, akaulinganisha pembe kwa pembe, akanirudishia kwa mikono miwili. Adabu hiyo sijaisahau na sijamsamehe kwayo. Angekuwa mjinga ningesema ni ujinga. Angekuwa mkali ningemlaani. Alijua kila kitu nilichokuwa nimekuja kumwambia, alikijua kuliko mimi, na kujua kwake kukawa sawa na kutojua. Niliinuka nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru. Mdomo ulizoea.

Walimpakia Edouard kwenye lori asubuhi ya wiki iliyofuata, pamoja na wengine nisiowajua, kwenda kambi ya kufungia watu iliyo mbele ya Mitwaba, mbali kaskazini. Kwa muda gani, hawakusema. Wake tulipangwa kando ya ukuta. Askari mmoja aliniruhusu nisogee kumpa mzigo: blanketi, unga, shati, uzi na sindano. Mkasi waliukataa. Edouard alikuwa amekonda shingo, kola imemwachia nafasi, na jambo la kwanza alilofanya ni kuuvuta ukosi wa blauzi yangu na kusema mshono umefumuka.

Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia. Nilimwambia la ajabu kuliko yote, kwa sababu ndilo lililonijaa. "Muzungu wa biro, ule wa ofisi, iko anajua Orage. Mutoto yake anasoma. Anajua haikuwa dini, anajua yote."

Alidhani namtania. Alipoona sitanii, alicheka, kicheko chake cha barazani, hata askari akageuka. Nilimchukia kidogo kwa kicheko hicho, na sasa ningetoa chochote kukisikia tena.

"Na alisema Orage alishatoka," nikaongeza. "Gazeti ilifika na ndege."

Macho yake yakawaka. "Si nilisema? Si nilimwambia Anaclet?" Kisha akaukaribia ubao wa lori, akashusha sauti kama mtu anayeuliza habari za nyumbani. "Alitoka namna gani?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza?"

Nilikuwa nimekwenda kumwombea mtu mwenye damu, si wa michoro. Lakini pale kando ya lori, nikiangalia uso wake, niliona kwamba nilipaswa kuuliza. Ni swali moja tu, na yule Bwana angejibu kwa furaha. Ndicho kitu pekee ambacho mikono yake iliweza kunipa, nami sikukiomba. Lori likawaka. Edouard aliniambia nimpake Paulin mafuta kifuani, na nisimpe Anaclet cherehani hata akiomba. Wakaondoka. Vumbi lilikaa hewani muda mrefu, maana mvua ilikuwa bado.

Mvua zilikuja. Nilijifunza kushona pindo kwa ile cherehani, na watu wakaniletea mapindo kwa huruma. Mimi na Zéphirin tulisalimiana kwa macho kanisani. Namlaumu kidogo, si sana. Anaclet peke yake aliendelea kuja Jumapili, akakaa kwenye kiti chake, akakitazama kile cha Edouard, akanimenyea karanga.

Siku aliyokuja Ngosa tulikuwa hivyo. Ngosa alikuwa dereva wa lori la mihogo, njia ya Mitwaba. Alisimama mlangoni akauliza kama hapa ni kwa Mama Paulin. Alisema amemwona Edouard. Anaishi. Anashona sare za askari kwa mkono. Amepata kikohozi.

"Kikohozi ya namna gani?" niliuliza.

"Kikohozi tu, mama. Ni kusema, kule kuko baridi." Akajikuna kichwa. "Habaachi karatasi kupita. Kila karatasi banafungula, na kama iko na picha, iko mbaya zaidi. Alinituma paka na mudomo tu. Anauliza kintu moya. Nilizania balimuloga. Anauliza, ule muntu wa moto, alitoka namna gani."

Anaclet akaacha kumenya.

Nami nilikuwa nimeshajua. Ukurasa ulikuwa umekuja jana yake kwenye mzigo wa Mgiriki, nami nilikuwa nimeuweka chini ya mto. Niliuleta. Tukaulaza juu ya ungo, mimi na Anaclet na Ngosa, na hapakuhitajika Kifaransa. Karani amelala ndani ya moto, hatikisiki. Nje ya mlango wa tanuru anapita mwanamke mfagiaji, mnene, kitambaa kichwani, ndoo mkononi. Hana jina. Hajui kuna mtu ndani. Anamwaga maji ya kuoshea sakafu, maji yanateremka, yanapita chini ya mlango, yanazunguka kidogo, yanafika kwenye vidole vya yule mtu. Katika picha ya mwisho ukuta umebomoka, Orage yuko angani, na mama yule ameshika kiuno, anagomba kwa sababu ya uchafu.

Anaclet aliutazama muda mrefu. Alikuwa ameshinda. Alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba jasho halitoshi.

"Haikuwa jasho," akasema taratibu.

"Haikuwa."

Ngosa alituangalia kwa zamu. Lori lake lilikuwa limepakiwa, alitaka kuondoka kabla ya mvua ya mchana. Nami nilifikiri maneno ya kumpa. Nimwambie kwamba mle ndani hakuna anachoweza kufanya, kwamba alale tu, amngoje mwanamke apite na ndoo? Mwanamke yule ni mimi. Nilikuwa nimepita na ndoo yangu kwa padri, kwa chifu, gerezani, ofisini, nimemwaga mpaka tone la mwisho, na hakuna mlango uliopitisha maji. Edouard alikuwa kule anakohoa, ana sindano na jasho lake. Nilihisi nimechoka kama mtu aliyezika.

"Umuambie alisema kweli," nikamwambia Ngosa. "Ilikuwa jasho. Tone moya ya jasho yake mwenyewe."

Ngosa akatazama ukurasa, akanitazama mimi.

Anaclet alikuwa anaiangalia mikono yake, makovu juu ya makovu. "Umuambie na Anaclet anakubali," akasema. "Umuambie Dokta alikosa. Jasho inatosha."

Ngosa aliyarudia maneno kwa sauti ili asiyasahau njiani, akaaga, akapanda lori lake. Jumatatu asubuhi nilichukua mkasi wa Edouard, nikaukata ukurasa ule vipande vinne pamoja na nyingine, nikauzia karanga, ili asibaki mtu Kenya nzima wa kumwambia mume wangu kwamba alikosea.